Fahamu tofauti za gredi za chuma kinachojikinga na kutu katika kuhimili baridi

Na Mwandishi Wetu

Mabamba mawili ya chuma yanaweza kufanana kwa rangi, unene, uzito na nguvu ya kubeba mzigo, lakini moja likahimili kishindo katika baridi ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri na jingine likapasuka kama kigae. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, wala haionekani katika namba kubwa iliyoandikwa kwenye jina la chuma. Imefichwa katika herufi moja au mbili zinazofuata namba hiyo, na katika cheti cha majaribio kinachotolewa na kiwanda.

Kwa mwananchi anayefuatilia matangazo ya zabuni na miradi ya miundombinu, alama kama S355J2W, A588 au SMA490BW huweza kuonekana kuwa mambo ya wahandisi peke yao. Hata hivyo, alama hizo ndizo zinazoamua iwapo fedha ya umma imenunua daraja linalostahili kudumu miaka mingi bila kupakwa rangi, au imenunua chuma ambacho hakuna aliyewahi kukipima kwa kishindo. Makala haya yanafafanua jinsi viwango vya Ulaya, Marekani, Kanada, Japani na China vinavyodai chuma kinachojikinga na kutu kihimili baridi, vinatofautiana wapi, na kwa nini jambo hilo linazihusu pia nchi zisizo na theluji. Nyuzijoto zote zilizotajwa ni za Selsiasi.

Chuma kinachojikinga na kutu ni kipi?

Chuma cha kawaida kikiachwa wazi kwenye mvua na hewa hupata kutu inayobanduka tabaka kwa tabaka, na kila tabaka linalobanduka hufungua njia ya kutu nyingine. Chuma kinachojikinga na kutu huongezewa kiasi kidogo cha shaba na kromi, na katika aina nyingi nikeli pia. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 10025-5, gredi ya S355J2W, kwa mfano, huwa na shaba kati ya asilimia 0.25 na 0.55 na kromi kati ya asilimia 0.40 na 0.80. Kikilowa na kukauka mara kwa mara kwa miaka kadhaa, chuma hicho hujenga ngozi ya kutu iliyoshikamana vizuri, yenye rangi ya hudhurungi iliyokolea, ambayo hupunguza kasi ya maji na oksijeni kufika ndani.

Kampuni ya United States Steel ya Marekani iliingiza chuma hicho sokoni mwaka 1933 kwa jina la Cor-Ten, na matumizi yake ya mwanzo yalikuwa mabehewa ya kubebea makaa ya mawe. Katika miaka ya 1960 kiliingia katika majengo na madaraja. Jengo la makao makuu ya Deere & Company huko Moline, Illinois, lililobuniwa na msanifu Eero Saarinen na kufunguliwa mwaka 1964, lilikipa umaarufu miongoni mwa wasanifu. Daraja la New River Gorge katika jimbo la West Virginia, lililofunguliwa mwaka 1977 likiwa na tao lenye urefu wa mita 518, liliwaonesha wahandisi kwamba hata muundo mkubwa unaweza kujengwa kwa chuma hicho na kuachwa bila rangi.

Faida kwa mwenye daraja ni dhahiri: huepuka gharama ya kupaka rangi upya kila baada ya miaka kadhaa, hasa mahali ambapo kuifikia boriti iliyo juu ya bonde au juu ya reli ni kazi ya hatari. Hata hivyo, kustahimili kutu ni sifa moja, na kustahimili kishindo katika baridi ni sifa nyingine. Chuma kinaweza kuwa nayo ya kwanza bila kuwa nayo ya pili.

Kwa nini baridi hukifanya chuma kipasuke

Ndani ya chuma, atomi zimejipanga kwa safu katika fuwele ndogo. Chuma kinapozidiwa na mzigo kikiwa katika joto la kawaida, safu hizo huteleza, na chuma hupinda au kurefuka kabla ya kukatika. Kupinda huko ni onyo. Mkaguzi huona boriti iliyolegea, njia hufungwa na watu husalimika.

Joto linaposhuka, kuteleza kwa atomi huwa kugumu. Ajabu ni kwamba baridi haikipunguzii chuma nguvu ya kubeba mzigo uliotulia, bali hata huiongeza kidogo. Kinachopungua ni uwezo wa kupokea nishati ya kishindo bila kupasuka, ambao katika makala haya tutauita uhimilivu wa kishindo. Uwezo huo ukishapungua, ufa mdogo ulioanzia kwenye kasoro ya kuchomelea unaweza kukimbia kupitia bamba zima kwa sekunde chache au chini ya hapo, bila chuma kupinda kwanza.

Unene nao huongeza hatari. Katika bamba nene, chuma cha katikati hubanwa na chuma kinachokizunguka, hivyo hakipati nafasi ya kunyumbuka. Isitoshe, bamba nene hupoa polepole kiwandani baada ya kufinyangwa likiwa la moto, na chembe zake za ndani huelekea kuwa kubwa zaidi. Chembe ndogo huzuia ufa vizuri kuliko chembe kubwa. Kwa sababu hiyo, swali la uhimilivu wa kishindo haliulizwi kwa baridi peke yake, bali kwa baridi na unene kwa pamoja.

Ajali zilizoandika masharti

Masharti yaliyomo katika viwango vya leo yalitokana na matukio yaliyogharimu mali na maisha. Miundo inayotajwa hapa haikuwa ya chuma kinachojikinga na kutu, lakini kanuni zilizozaliwa humo ndizo zinazokibana chuma hicho hivi sasa.

Tarehe 16 Januari 1943, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady ilipasuka katikati ikiwa imetulia gatini huko Portland, Oregon, bila dhoruba wala mgongano. Meli nyingine kadhaa za wakati wa vita zilizounganishwa kwa kuchomelewa zilipata nyufa za namna hiyo. Uchunguzi wa mabamba yaliyopasuka ulionesha kwamba yale ambayo nyufa zilianzia yalikuwa na uhimilivu mdogo wa kishindo. Kutokana na uchunguzi huo kilipatikana kipimo cha chini cha takriban jouli 20, ambacho bado kinaonekana katika viwango vya madaraja vya Marekani.

Tarehe 10 Julai 1962, daraja la Kings Bridge mjini Melbourne, Australia, lililokuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei, lilipasuka boriti zake lori zito lilipopita asubuhi ya baridi. Melbourne si mji wa theluji. Uchunguzi uliofuata ulikuta nyufa zilizoanzia kwenye viungo vya kuchomelewa, katika chuma kisichokuwa na uhimilivu wa kutosha. Tukio hilo ndilo jibu kwa anayedhani kwamba mpasuko wa ghafla ni tatizo la nchi za barafu tu.

Tarehe 15 Desemba 1967, daraja la Silver Bridge kati ya majimbo ya West Virginia na Ohio liliporomoka na watu 46 wakapoteza maisha. Chanzo kilikuwa ufa wenye kina cha takriban milimita 2.5 katika kiungo kimoja cha mnyororo wa chuma uliolibeba daraja. Baada ya tukio hilo Marekani ilianzisha ukaguzi wa lazima wa madaraja nchini kote, na katika muongo uliofuata ikaweka masharti ya uhimilivu wa kishindo kwa chuma cha madaraja.

Jinsi uhimilivu unavyopimwa

Kipimo kinachotumika duniani kote kinaitwa kipimo cha Charpy, kwa jina la Mfaransa Georges Charpy aliyekieneza kuanzia mwaka 1901. Kipande cha chuma chenye urefu wa milimita 55 na upana na unene wa milimita 10 huchongwa mkato wenye umbo la V na kina cha milimita 2. Kipande hicho hupozwa hadi kiwango cha joto kilichotajwa, kisha huwekwa juu ya vishikizo viwili na kugongwa mara moja kwa nyundo inayobembea. Kadiri kipande kinavyopokea nishati nyingi kabla ya kuvunjika, ndivyo nyundo inavyopanda kimo kidogo upande wa pili. Tofauti ya kimo hugeuzwa kuwa jouli.

Kiasi kinachotajwa mara nyingi ni jouli 27, ambazo zinalingana na nishati ya jiwe la kilo moja linaloanguka kutoka kimo cha takriban mita 2.75. Kwa kawaida huvunjwa vipande vitatu na wastani wake ndio unaohesabiwa. Katika viwango vya Ulaya, kipande kimoja kinaruhusiwa kuwa chini ya kiwango, lakini si chini ya asilimia 70 ya kiwango hicho.

Hivyo, matokeo ya Charpy yana namba mbili zisizotenganishwa: nishati na kiwango cha joto. Kusema kwamba chuma kina jouli 27 bila kutaja kilipimwa katika joto gani ni sawa na kutaja bei bila kutaja sarafu.

Ulaya: herufi zinazotaja joto

Mfumo wa Ulaya ndio rahisi kusoma. Katika jina S355J2W, herufi S inaonesha kuwa ni chuma cha miundo. 355 ni nguvu katika megapaskali ambayo chuma kinaweza kuihimili kabla ya kuanza kupinda moja kwa moja, kwa unene usiozidi milimita 16. W inaonesha kwamba kinajikinga na kutu. Alama ya katikati ndiyo inayotaja uhimilivu wa kishindo, kama ifuatavyo:

- J0: jouli 27 katika nyuzijoto sifuri
- J2: jouli 27 katika nyuzijoto 20 chini ya sifuri
- K2: jouli 40 katika nyuzijoto 20 chini ya sifuri
- J4: jouli 27 katika nyuzijoto 40 chini ya sifuri
- J5: jouli 27 katika nyuzijoto 50 chini ya sifuri

Alama mbili za mwisho ziliingizwa katika kiwango cha EN 10025-5 kupitia toleo la mwaka 2019, pamoja na gredi zenye nguvu zaidi za 420 na 460. Maana yake ni kwamba S355J0W na S355J5W zina nguvu ile ile na kinga ile ile ya kutu, lakini viwango vya joto vinavyotumika kuzipima vinatofautiana kwa nyuzijoto 50.

Mfumo wa Ulaya hauishii hapo. Mhandisi akishapata gredi, hulazimika kuangalia kiwango kingine, EN 1993-1-10, kinachoweka ukomo wa unene kulingana na joto na mzigo. Kwa chuma chenye nguvu ya 355 kinachobeba robo tatu ya uwezo wake, toleo la mwaka 2005 linaruhusu bamba la J0 lenye unene wa hadi milimita 60 ikiwa joto la hesabu ni nyuzijoto 10 juu ya sifuri, na la J2 hadi milimita 90. Joto likishuka hadi nyuzijoto 20 chini ya sifuri, J0 hubaki na milimita 35, J2 milimita 50, na K2 milimita 60. Mwenye mradi anayehitaji bamba nene hana budi kupanda gredi, hata pale ambapo hali ya hewa haijabadilika.

Marekani na Kanada: kanda za baridi

Nchini Marekani, gredi inayojulikana zaidi ni ile ya kiwango cha ASTM A588, yenye nguvu ya megapaskali 345, inayokaribiana na 355 ya Ulaya. Jambo la kuzingatia ni kwamba A588 yenyewe haidai kipimo cha Charpy. Mnunuzi anayekitaka hulazimika kukiagiza kama sharti la nyongeza. Asipoagiza, anaweza kupata chuma halali kabisa kwa mujibu wa kiwango, lakini ambacho hakijapimwa kwa kishindo.

Kwa madaraja, Wamarekani hutumia kiwango cha ASTM A709. Gredi ya 50W katika kiwango hicho inafanana na A588, ila huongezewa alama mbili. Herufi T hutumika kwa sehemu zinazovutwa na mzigo, na F kwa sehemu ambazo zikikatika zinaweza kuangusha daraja. Kisha huja namba ya kanda. Kanda ya 1 ni mahali ambapo baridi haizidi nyuzijoto 18 chini ya sifuri. Kanda ya 2 hufika nyuzijoto 34 chini ya sifuri. Kanda ya 3 hufika nyuzijoto 51 chini ya sifuri.

Kwa mabamba ya 50W yasiyozidi unene wa milimita 50, alama T inadai jouli 20 na alama F inadai jouli 34. Kipimo hufanywa katika nyuzijoto 21 kwa kanda ya 1, nyuzijoto 4 kwa kanda ya 2, na nyuzijoto 12 chini ya sifuri kwa kanda ya 3.

Msomaji atauliza: inawezekanaje daraja la mahali penye baridi ya nyuzijoto 51 chini ya sifuri likapimwa katika nyuzijoto 12 tu chini ya sifuri? Jibu liko katika kasi. Nyundo ya Charpy huvunja kipande kwa muda mfupi sana, ilhali mzigo wa lori juu ya daraja huongezeka polepole zaidi. Chuma kinachopata mzigo wa polepole hubaki na uhimilivu wake hadi katika joto la chini zaidi kuliko kinachogongwa ghafla. Wamarekani wamekadiria tofauti hiyo kuwa takriban nyuzijoto 39, na wakaiingiza moja kwa moja katika joto la kipimo.

Mwishoni mwa karne iliyopita, serikali ya Marekani, jeshi lake la majini na viwanda vya chuma vilishirikiana kutengeneza gredi mpya zinazotambuliwa kwa herufi HPS. Gredi ya HPS 70W, yenye nguvu ya megapaskali 485, ilitumika katika daraja la Snyder jimboni Nebraska mwaka 1997. Kaboni yake haizidi asilimia 0.11 na salfa haizidi asilimia 0.006. Kwa sehemu zenye alama F, inadaiwa jouli 48 katika nyuzijoto 23 chini ya sifuri, bila kujali daraja liko katika kanda gani.

Kanada imeweka tofauti hiyo wazi ndani ya jina lenyewe. Katika kiwango cha CSA G40.21, 350A ni chuma kinachojikinga na kutu kisicho na sharti la kishindo, na 350AT ni chuma cha namna hiyo hiyo chenye sharti la jouli 27. Mnunuzi wa AT hulazimika pia kutaja kundi la joto: la kwanza hupimwa katika nyuzijoto sifuri, la pili katika nyuzijoto 20 chini ya sifuri, la tatu 30, na la nne 45. Kundi la tano huachiwa mnunuzi ataje joto lake mwenyewe. Herufi moja tu, T, ndiyo inayotenganisha chuma kilichopimwa na kisichopimwa.

Japani na China

Kiwango cha Japani cha JIS G 3114 hutumia herufi A, B na C. Katika gredi za SMA400 na SMA490, herufi A haina sharti la kishindo, B inadai jouli 27 katika nyuzijoto sifuri, na C inadai jouli 47 katika joto hilo hilo. Gredi yenye nguvu zaidi, SMA570, inadai jouli 47 katika nyuzijoto 5 chini ya sifuri. Herufi ya mwisho ina maana nyingine: W ni kwa chuma kitakachoachwa wazi, na P ni kwa kitakachopakwa rangi.

Katika mfumo wa China, ambao chuma chake kinachojikinga na kutu hutambuliwa kwa herufi NH kama katika Q355NH, herufi za ubora hufuata joto la kipimo: B ni nyuzijoto 20, C ni sifuri, D ni nyuzijoto 20 chini ya sifuri, na E ni nyuzijoto 40 chini ya sifuri.

Hapa ndipo makosa ya kusoma nyaraka yanapoweza kutokea. Herufi C ya Japani na herufi C ya China zote hupimwa katika sifuri, lakini herufi B ya Japani hupimwa katika sifuri ilhali B ya China hupimwa katika nyuzijoto 20. Anayelinganisha herufi kwa herufi bila kufungua viwango husika anaweza kukubali chuma chenye uhimilivu mdogo kuliko alichokusudia.

Kwa nini namba hazilinganishwi moja kwa moja

Je, 50WF ya Marekani ya kanda ya 3, yenye jouli 34 katika nyuzijoto 12 chini ya sifuri, ni bora kuliko S355J2W ya Ulaya, yenye jouli 27 katika nyuzijoto 20 chini ya sifuri? Namba hizo peke yake haziwezi kutoa jibu. Ya kwanza imedai nishati kubwa katika joto la juu kidogo. Ya pili imedai nishati ndogo katika baridi kali zaidi. Kila moja imetungwa ili itumike na kanuni zake za usanifu: ya Ulaya pamoja na ukomo wa unene, ya Marekani pamoja na kanda za baridi na ukaguzi wa sehemu muhimu.

Idadi ya vipimo nayo hutofautiana. Katika utaratibu wa Marekani, kipimo kinaweza kufanywa mara moja kwa mkupuo mmoja wa chuma kilichoyeyushwa, au kwa kila bamba. Utaratibu wa pili ndio unaotakiwa kwa sehemu zenye alama F. Mabamba mawili yanaweza kuwa na sharti moja la jouli, lakini moja likawa limepimwa lenyewe na jingine likawa limebeba matokeo ya ndugu yake.

Ikumbukwe pia kwamba namba za viwango ni kima cha chini. Cheti cha kiwanda mara nyingi huonesha nishati kubwa zaidi. Hata hivyo, matokeo mazuri ya cheti kimoja hayawi ahadi kwa shehena inayofuata. Ahadi ni ile iliyoandikwa katika mkataba.

Fosforasi: msaada kwa kutu, hasara kwa baridi

Mvutano kati ya sifa hizo mbili unaonekana vizuri zaidi katika fosforasi. Kiasi kidogo chake husaidia kujenga ngozi ya kutu inayokinga, lakini hukifanya chuma kiwe rahisi kupasuka, hasa katika baridi na kwenye viungo vilivyochomelewa. Ndiyo maana EN 10025-5 ina kundi tofauti lenye herufi WP, kama S355J2WP, ambalo lina fosforasi ya asilimia 0.06 hadi 0.15. Kwa mabamba, kundi hilo limewekewa ukomo wa unene wa milimita 12. Gredi za kawaida za W kama S355J2W huruhusiwa fosforasi isiyozidi asilimia 0.030 na huweza kutumika katika mabamba manene ya madaraja.

Mfano ulio karibu na wananchi wa Afrika Mashariki ni makontena yanayopakuliwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Kuta zake kwa kawaida hutengenezwa kwa bati la chuma kinachojikinga na kutu, na gredi maarufu ya Japani kwa kazi hiyo, SPA-H, ina fosforasi ya asilimia 0.07 hadi 0.15. Kwa bati la milimita mbili hivi, hilo linakubalika. Kuchukua hoja kwamba chuma cha kontena kimedumu baharini na kuitumia kuhalalisha gredi ya namna hiyo kwa boriti ya daraja ni kuchanganya kazi mbili zisizofanana.

Maana yake kwa nchi za joto

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, joto halishuki hadi karibu na sifuri, ingawa katika nyanda za juu kama Kitulo baridi huweza kuleta sakitu. Kuagiza J5 kwa daraja la mwambao kungekuwa kulipia sifa isiyohitajika. Lakini kuacha kabisa sharti la kishindo si kubana matumizi, bali ni kuhamishia hatari kwa watumiaji wa daraja. Katika jedwali la Ulaya lililotajwa, hata katika nyuzijoto 10 juu ya sifuri, chuma cha kawaida cha nguvu ya 355 kilichopimwa katika nyuzijoto 20, yaani JR, kinakomea milimita 40 za unene kwa mzigo huo. Boriti nene zaidi hudai gredi ya juu zaidi, theluji iwepo isiwepo.

Pamoja na hayo, mwambao una adui mwingine. Chumvi ya bahari huzuia ngozi ya kinga kukamilika. Mwongozo wa Uingereza kwa jumla hauruhusu chuma hiki kiachwe wazi ndani ya kilomita 2 kutoka baharini. Jimbo la Michigan nchini Marekani nalo liliwahi kusimamisha matumizi yake katika madaraja kutokana na kutu iliyosababishwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Chumvi ikila chuma, unene hupungua na mashimo madogo huweza kuwa chanzo cha nyufa.

Gredi nzuri pekee haitoshi. Mwezi Desemba 2000, boriti za daraja la Hoan mjini Milwaukee, Marekani, zilipasuka wakati wa baridi, na uchunguzi ukabaini kwamba chuma chake kilikidhi masharti ya Charpy. Tatizo lilikuwa namna viungo vilivyokutanishwa na kuchomelewa mahali pamoja, hata chuma kikakosa nafasi ya kunyumbuka. Ubunifu wa viungo na ukaguzi wa uchomeleaji vina uzito sawa na uchaguzi wa gredi.

Mambo ya kuangalia katika nyaraka

Kwa mwananchi, mwandishi wa habari au mjumbe wa kamati anayepitia nyaraka za mradi wa chuma kinachojikinga na kutu, maswali yafuatayo yanatosha kuonesha kama jambo hili limezingatiwa:

1. Je, jina la gredi limeandikwa kamili pamoja na alama ya uhimilivu, kwa mfano S355J2W badala ya "chuma cha 355 kinachojikinga na kutu"?
2. Je, nishati na kiwango cha joto cha kipimo vimetajwa kwa pamoja?
3. Je, unene wa bamba nene kuliko yote katika muundo umelinganishwa na ukomo wa gredi iliyochaguliwa?
4. Pale mkandarasi anapopendekeza gredi ya nchi nyingine kwa maelezo kwamba "inalingana", je, mhandisi mshauri amelinganisha vipimo, au majina tu?
5. Je, cheti cha kiwanda kinaonesha matokeo ya vipande vyote vitatu, na namba ya mkupuo iliyomo ndiyo iliyopigwa chapa kwenye bamba lililofika eneo la ujenzi?
6. Je, chuma kilichojazwa katika viungo vya kuchomelewa kina uhimilivu na kinga ya kutu inayolingana na ya bamba lenyewe?

Maswali hayo hugharimu muda mfupi yakiulizwa kabla ya mkataba kusainiwa. Yakiulizwa baada ya boriti kufika eneo la ujenzi, njia zilizobaki ni kukata vipande na kuvipima upya, au kurudisha shehena nzima. Yasipoulizwa kabisa, kipimo cha kwanza cha kishindo kitafanywa na lori la kwanza zito litakalopita.